Lazaro Alikuwa Anaanzia Juu

Kigango chao cha Kikatoliki kiko Ruaha, nyuma ya mashamba ya miwa. Hakina kinanda, na kwaya kilichokuwa nayo ilimalizwa na ndoa na vyuo. Ndiyo maana kwa miaka mingi nyimbo zote za Misa zilitoka kooni mwa mtu mmoja, Lazaro, mkulima wa miwa ambaye baba yake alikuja kutoka Songea kukata miwa, akanogewa, asirudi tena kwao.

Kazi ya Lazaro ilikuwa kuanzisha. Padri akijitokeza mlangoni na watoto wa altareni, Lazaro, aliyekuwa na mahali pake pa kusimama karibu na mimbari, alifumba macho akaachia sauti. Hapo ndipo penye taabu, maana alikuwa anaanzia juu. Siyo ile juu ambayo mtu akijikaza kidogo anaifikia. Juu kabisa, kule ambako hata nyani wa Mikumi wangegeuka kutazama kuna nini. Yeye mwenyewe alifika bila shida, kwa kuwa Mungu alimjalia koo jembamba la kijana asiyebalehe, na katika miaka yake sitini na ushee lilikuwa halijatetereka. Waumini walimfuata kwa uaminifu wote. Ubeti wa kwanza mishipa ya shingo iliwatoka, ubeti wa pili wanaume walibaki wakichezesha midomo tu, na wimbo ukafia hapo.

Lazaro aliiona ile mishipa, akaielewa kwa namna yake. Aliamini watu wameguswa. Akirudi nyumbani alimsimulia mkewe Hildegarda kwamba leo Roho alishuka kwelikweli, hata kuna mama alitokwa na machozi wakati wa wimbo wa Utukufu. Hildegarda alimtengea ugali na kumwitikia kwamba ndiyo, ilikuwa Misa nzuri. Walikuwa wameoana tangu ujana wao, na watu hawa walipendana.

Mambo yaligeuka ilipotangazwa kwamba askofu anakuja kutoa kipaimara. Halmashauri ya kigango iliketi, kila mjumbe akiwa na neno lilelile moyoni na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Mwishowe walikubaliana kwamba siku hiyo aanzishe Magreti, fundi cherehani mwenye sauti ya kutulia. Mzigo wa kwenda kumwambia mwenyewe wakamtwisha katekista, Deogratias.

Deogratias alimkuta Lazaro akipalilia. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaisifu miwa, akauliza habari za mvua, kisha akaisifu miwa tena. Lazaro si mtoto. Aliweka jembe chini akasubiri.

"Mzee wangu, nyimbo zako tunazipenda," Deogratias akasema. "Ila unatuanzishia kule mbinguni, na sisi bado tuko huku Ruaha. Siku ya askofu tumeomba aanzishe Magreti."

Lazaro alijibu kwamba amesikia, akaokota jembe lake. Ndani ilimuuma vibaya. Shamba alirithi, uenyekiti wa kitongoji aliugombea akaukosa, lakini kuanzisha nyimbo alipewa na watu bila kuomba. Wakimnyang'anya hicho, atabaki mtu wa kuja kanisani kukalia benchi. Akaapa moyoni kwamba siku ya askofu hatafungua mdomo, na baada ya hapo atakuwa akisali Kidodi, kanisa lenye kinanda, ambako hakuna anayemjua. Angetafuta hata safari ya uongo ya kwenda Dumila asiwepo kabisa, lakini mjukuu wao Verdiana alikuwa miongoni mwa wanaopewa kipaimara, na babu hakimbii siku ya namna hiyo.

Siku ilipofika alivaa shati lake la kitenge, akaingia kanisani asiende mbele. Alikwenda benchi la nyuma, akaketi pembeni ya mkewe. Tangu siku walipofungishwa ndoa hawakuwahi kukaa pamoja kanisani, kwa sababu yeye alikuwa kule mbele siku zote. Hildegarda alisogea akampisha.

Magreti akaanza. Alianzia chini, palepale ambapo mtu anazungumza na jirani yake. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kuingilia, ambao Lazaro ameuanzisha maisha yake yote, lakini leo karibu asiutambue. Kanisa zima liliingia kwa pamoja, wanaume kwa wanawake. Ukaja ubeti wa tatu, ukaja na wa nne ambao maneno yake alikwisha kuyasahau. Lazaro akabana mdomo. Tuseme ukweli, aliona wivu.

Ndipo akasikia sauti ubavuni mwake. Ilikuwa sauti ya kike, nzito, inayokwenda chini ya zile nyingine bila haraka na bila kupotea. Akageuka aone ni nani. Alikuwa Hildegarda, ameinua uso, anaimba. Kikohozi cha mwanamke huyu alikijua, kicheko chake alikijua, hata hatua zake uani alizitambua bila kutazama. Sauti hii hakuwahi kuisikia.

Wimbo ulipokwisha akamwinamia.

"Kumbe unaimba, mama Theodory?"

"Naimba," Hildegarda akanong'ona, macho yake kwa askofu. "Ila ulikuwa unaanzia juu, baba Theodory. Nilikuwa sikufikii."

Aliyasema bila lawama yoyote, na kwa hiyo yakamwingia zaidi. Lazaro alikumbuka sala za jioni nyumbani, yeye akiimba peke yake na mkewe akiwa kimya kando yake. Alikuwa akidhani ni mtu wa kusali moyoni. Alikwisha kumsifia hata kwa watu, kwamba mke wangu ni mtulivu. Aibu ilimshika, halafu nyuma ya aibu ikaja furaha ambayo hakuitegemea, furaha ya kitu kizuri kilichokuwa chake muda wote.

Utukufu ulipoanza akafungua mdomo. Koo lake halikuzoea kukaa chini, likakwaruza, na watoto wa benchi la mbele yake wakageuka kumcheka. Hakuwajali. Alikuwa akitafuta pa kusimama karibu na sauti ile.

Baada ya Misa, watu wakila pilau, Deogratias alimsogelea kwa tahadhari kujua kama bado amekasirika. Lazaro alimwambia kwamba Magreti aendelee. Habari za Kidodi hakuzitaja.

Jioni wageni walipokwisha kuondoka, familia iliketi kwa sala. Verdiana na wajukuu wengine walimgeukia babu yao, wakimngoja aanze. Babu akamgeukia bibi yao.

"Anza wewe," akamwambia mkewe.

Hildegarda aliangalia chini kidogo, akaiweka sawa kanga yake begani. Kisha akaanza, na Lazaro akamfuata.