Chumba cha Mwisho Kushoto

Mke wangu huniita Daktari kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia paka ashuke mezani. Anatunza wazee katika nyumba moja huku Kilburn, na madaktari anaowajua yeye wana faida. Udaktari wangu mimi ni wa historia: ushuru wa chumvi enzi za Wajerumani. Kwa miaka kadhaa umenipatia vibarua vya utafiti katika vyuo vikuu vya London. Kimoja kikiisha nabembeleza kingine. Safari hii kingine hakikutokea, na viza yangu ilitegemea kazi, ya mke wangu ikategemea yangu. Nikaanza kuomba kazi za ofisini: mratibu wa hiki, ofisa wa kile. Vyuo vilinikataa kwa upole mpaka nikatamani kuvishukuru.

Hatimaye kimoja kikaniita kwenye usaili. Ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho kushoto. Nilipanda ngazi nisije nikakwama kwenye lifti, wala sikufikiri kwamba lifti iko upande wa pili wa jengo, na kushoto kwa anayetoka huko si kushoto kwangu. Korido ilikuwa kimya. Siku hizi wengi hufanyia kazi nyumbani, milango imebaki na vibao vya majina yao.

Nikagonga, nikasema hodi kwa sauti ndogo, maana ndivyo nilivyolelewa. Kimya. Hodi ya pili, kimya. Ya tatu ikikosa jibu, kwetu mtu huondoka. Na ningeondoka kweli, nikamweleze mke wangu kwamba adabu imetufukuza nchini.

"Karibu," ikasema sauti ya mwanamke, taratibu, kama ya mtu mwenye unga mikononi.

Nilifurahi: kumbe kwenye jopo yuko mtu wa kwetu. Nikaingia. Hapakuwa na mtu. Meza, dirisha, kiti chenye sweta mgongoni. Nikaketi kwenye kiti cha wageni, nikidhani mwenyeji ametokea mlango mwingine. Nilikaa muda mzuri kabla ya kugundua kwamba mlango mwingine haukuwepo. Sikuinuka. Nilikuwa nimekaribishwa, na kazi niliihitaji.

Aliyenikuta humo ni mama mmoja wa Kiingereza, mwenyekiti wa jopo. "Tunakusubiri chumba cha ng'ambo," akasema, kisha akautazama mlango. "Nani amekufungulia? Hapa tumepafunga kwa ufunguo."

"Nilisikia mwanamke ananikaribisha."

"Kwa Kiingereza?"

Nikasema hapana. Akanitoa upesi, akaufunga mlango, akaniongoza ng'ambo.

Usaili ulikwenda haraka mno. Mwishoni wakaniambia, wakitazama meza, kwamba kazi ile ilikuwa ya mama mmoja kutoka Mombasa, sasa marehemu, na kwamba wawili waliomfuata waliacha bila kutoa sababu. Ofisi yake ni kile chumba nilichokaribishwa; nyingine hawana. Kazi ni yangu nikiitaka, nijibu kesho.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza huku akivua viatu vya kazi.

"Hao wawili walijua Kiswahili?"

"Sidhani."

"Basi wao walisikia sauti tu." Akasugua nyayo. "Wewe kakwambia karibu, Daktari. Hakusema toka. Tangu tufike nchi hii, nani mwingine amekwambia hivyo?"

Nilifikiri kwa uaminifu wote. "Hakuna."

"Basi kubali. Na siku ya kwanza umsalimie vizuri, ndipo uwashe kompyuta."