Mwaka wa Kukata Grevilea

Chama chetu cha kutunza miti kilikuwa na wanachama wengi siku za amani. Vita vilipoingia milimani walipungua mmoja mmoja: huyu ana mgonjwa, yule amehamia Goma kwa shemeji yake, mwingine hakusema kitu, akawa tu anapita njia nyingine tusikutane. Umoja ni nguvu, tulikuwa tukiimba. Hiyo nguvu nikabaki nayo peke yangu, mimi mwenyekiti wao, katika chumba cha kupanga pale mjini Mbugangari kilichokuwa ofisi yetu, pamoja na viti vya mkutano.

Leo siwalaumu. Wakati ule niliwalaumu sana.

Kilichobaki cha chama zilikuwa grevilea, miti tuliyopanda Bugeshi, juu milimani, kando ya njia ipitayo chini ya volkano, ili mvua isizidi kubeba udongo wa mashamba ya viazi. Zilikuwa zimeshanipita kimo. Nilikuwa nikienda kuziangalia kama wengine wanavyokwenda kusalimia ndugu.

Halafu watu wenye silaha wakaanza kujificha vichakani kando ya njia, na wapita njia wakauawa. Kila mtu akafyeka mbele ya nyumba yake. Grevilea hawakuzigusa. Zilikuwa za chama, na chama kilikuwa mimi, kwa hiyo walisubiri neno langu. Nami, kwa ukaidi wangu, nilinyamaza.

Asubuhi moja mama ambaye shamba lake lilipakana na miti hiyo alishuka mpaka ofisini. Alikuwa mjane, amerudi nchini kutoka ukimbizini Masisi, ng'ambo ya mpaka, kama nilivyorudi mimi kutoka Goma, basi tulizungumza Kiswahili cha huko.

"Présidente, mi silale tena. Upepo ikipita mu ile miti, naona ni watu wanakuja."

"Tukikata, mama, udongo ya shamba yako itaenda na mvua."

"Bon, iende. Nitalima fasi ingine. Na mi nikiuawa, nitalima fasi gani?"

Nilikuwa na maneno mengi ya semina kuhusu mmomonyoko wa udongo. Hakuna hata moja la kumwambia mtu asiyelala. Nikamjibu tukate.

Niliwaita wanachama tuliopanda nao. Hakuja hata mmoja. Mti wa kwanza niliukata mwenyewe, vibaya, panga likiniteleza. Majirani wakamaliza iliyobaki, upesi, wakitaniana kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Kabla ya mchana njia yote ilionekana. Wakagawana kuni, na mimi wakanipa fungu langu kwa heshima, nikashindwa kulikataa.

Siku chache baadaye yule mama alirudi ofisini, akanishika mikono yote miwili.

"Nimelala, Présidente."

Nilifurahi, kweli kabisa. Alipoondoka nilifunga mlango, nikalia. Mwaka ule kila nyumba ilikuwa na marehemu wake. Ningebisha hodi kwa nani, nimwambie nimefiwa na miti?