Gwaride la Kurudi Nyumbani

Harufu ya wanga wa muhogo ukiungua kidogo chini ya pasi ya makaa: kwangu hiyo ndiyo harufu ya tarehe thelathini Juni, sikukuu yetu ya uhuru. Kwetu Bunia, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Lumumba, kila mama alipiga pasi sare ya mwanawe mpaka shati jeupe likakauka kama kibao. Vita vilikuwa vimenyamaza, ila hakuna aliyethubutu kusema vimekwisha. Tulikuwa na katiba mpya, na mwalimu alitufundisha kwamba inampa kila mtu haki ya kutembea popote nchini. Darasani tulimwamini. Nje, sisi watoto wa shule tulivuka kijito kwenda upande wa Shari bila shida, lakini wakubwa wa pande hizo mbili zilizopigana hawakuvuka. Mama yangu hakuwa amekanyaga ng'ambo tangu kaka yake auawe huko.

Asubuhi ya sikukuu mwaka ule nilikuwa nimeshavaa, tena nimechaguliwa kutembea mstari wa mbele wa gwaride, radio ikatangaza kwamba sikukuu ya uhuru itaadhimishwa kwa tafakuri. Hakuna gwaride, kila mtu akae kwake. Sisi Wakongomani tunaijua tafakuri hiyo: wakubwa wakiogopa, sisi tunaambiwa tutafakari. Nililia kwa hasira na Mama akasonya. Mara Furaha, mwanafunzi mwenzangu kutoka ng'ambo, akabisha hodi, soksi zake nyeupe pepepe. Alikuwa ameikuta shule imefungwa, na wanajeshi wamejaa njiani.

"Hamukusikia radio?" Mama akamuuliza.

"Kwetu radio haiko, mama. Na sasa niko naogopa kurudia mimi peke."

Mama alimtazama. Nilijua anamkumbuka kaka yake, na niliogopa atakachosema. Akajifunga kitenge chake cha sikukuu, akatoka barabarani, akawaita watoto wote wa jirani waliokuwa wamekaa vizingitini na sare zao.

"Mupange mistari! Siye tunamupeleka Furaha kwabo."

"Mama Neema, ng'ambo?" jirani yetu akashangaa. "Weye iko na kichwa kweli?"

"Kichwa iko, na miguu iko."

Tukaondoka, kushoto, kulia, mikono ikipanda mpaka mabegani, tukiimba wimbo wa taifa kila mtu kwa sauti yake. Darajani mwanajeshi akatuzuia, bunduki kifuani.

"Défilé haiko leo! Hakuna gwaride! Kila mutoto arudie kwabo!"

"Ndiyo, chef," Mama akajibu bila kupepesa macho. "Ndiyo hiyo tuko nafanya. Huyu, kwabo ni kule."

Mwanajeshi akatutazama, akatazama zile soksi, akasogea pembeni. Tulipita. Mama hakupunguza mwendo. Ng'ambo milango ilifunguka mmoja mmoja, watu wakasimama vizingitini. Hakuna aliyepiga makofi. Mama yake Furaha alitoka mbio, mikono imejaa unga, akamshika mwanawe, kisha akamwona Mama.

"Karibu, mama," akasema. "Mukae, mukunywe chai."

"Tunakaa," Mama akasema, akakaa.

Hawakukumbatiana wala kuombana msamaha. Walikunywa chai, wakalalamikia bei ya mafuta ya mawese. Jumapili iliyofuata Mama alivuka tena, bila gwaride.

Leo nina watoto wangu, na miaka mingine radio hutuambia tena tutafakari. Kuna msomi mmoja aliwahi kunicheka kwamba siku ile hatukubadilisha kitu, kwa sababu bunduki zilirudi vijijini, na watu wanakimbia tena. Kweli, zilirudi, na inaniuma. Lakini Mama alipofariki nilikuwa mbali, barabara zimefungwa, majirani wengi wamekimbia. Furaha na mama yake ndio waliomwosha, wakamvika, wakamlilia mpaka wakakauka sauti. Anayesema tulitembea bure, aje aniambie nani mwingine angemzika mama yangu.