Chupa Mahali pa Sindano

Siku ile ilianza na maharage. Nilimpelekea mume wangu Justin chakula kwenye kiwanja cha udongo alikorushia ndege ndogo ya mizigo. Mimi ni mtu wa jikoni. Kwangu mimi, nyumbani mpaka kiwanjani ilikuwa safari, na nililalamika njia nzima.

Nilimkuta amekaa chini ya bawa. Sindano ya kugeuka ilikuwa imekufa, ile inayomwonyesha rubani anageuka upande gani na kwa kasi gani.

"Shule yote ile," nikamtania, "na hujui kama unageuka?"

"Ndani ya wingu hakuna anayejua, mama. Mwili unadanganya. Nangoja wingu litoke."

Risasi zikaanza kulia nyuma ya kilima.

Kamanda wetu, aliyeapa kuufia mji, akafika na lori. Friji, makochi, godoro la bibi yake. Hivyo ndivyo vitu alivyokuwa akivitetea. Akaamuru vipakiwe ndegeni na virushwe saa ile ile.

Justin akamweleza kuhusu sindano. Kamanda akacheka, akaning'iniza chupa ya maji nusu mbele ya kiti cha rubani.

"Maji hayadanganyi. Yakilala upande, nyoosha."

Justin akakataa.

Bunduki ikawekwa shingoni mwangu.

Ndege ikapanda. Wingu likaimeza.

Tukaisikia inazunguka. Ikazunguka tena, mlio unazidi kuwa mkali.

Kisha zikabaki risasi tu.

Sweden ilinipokea, nami nikajifungia ndani, mtaa wa Bredäng, kama kuku anayeatamia. Neema, binti yangu, alipokua ndiye aliyenitoa kila Jumapili kwenda kanisani mtaa wa Jakobsberg. Huko, Jumapili moja, nikamkuta kamanda. Sasa anaitwa Papa Mzee, ana tai, anaombea wasafiri.

Kwenye kahawa baada ya ibada akamshika Neema bega. "Baba yako alikuwa mtu mzuri, ila rubani wa wasiwasi. Nilimfungia hata chupa ya kumwongoza. Akapotea tu."

Neema akanitazama. Nilikuwa nimemwambia ni ajali, basi.

Nikachukua chupa ya soda, imebaki nusu, nikaikaza kizibo, nikaifunga shingo kwa kilemba changu. Nikaizungusha hewani, juu, chini, juu. Watu wakarudi nyuma na vikombe vyao.

"Neema, soda imelala upande?"

"Hapana," akajibu kwa Kiswidi. "Imekaa kwenye kitako cha chupa. Imetulia."

"Na chupa?"

"Inazunguka."

"Mama, utavunja vikombe vya kanisa," akasema Papa Mzee.

"Usiogope, Papa. Friji yako haimo humu."

Akaenda kutafuta koti lake. Mtu wa kuondoka mapema, kama kawaida yake.

Kwenye treni Neema akauliza, "Baba alijua chupa haisaidii?"

"Alijua."

"Sasa kwa nini alipanda?"

Nikamwambia bunduki ilikuwa shingoni mwa nani, na nani alikuwa tumboni mwangu. Na kwamba maharage yake alikuwa hajayagusa.