Mishipa ya Mtonga

Juzi, sokoni Iringa, niliyageuza matonga, yale matunda ya porini, mkononi hadi muuzaji akaguna. Yananukia vilevile kama ya utotoni.

Nilipokuwa mdogo, shangazi alitufundisha porini: "Mtonga wa kula una gome nene la kubonyea, na jani lake lina mishipa mitano. Unaofanana nao ni sumu." Mimi nilidhani ni mishipa ya damu, nikayabana majani yavuje.

Kaka Yohana alikuwa ameshachuma tunda kwenye mti mmoja na kulipasua kwenye jiwe. "Endelea kukamua majani, mwoga wewe."

Nikabonyeza gome la mti ule. Lilikuwa gumu. "Shangazi, huu haubonyei."

Shangazi akaja, akahesabu mishipa ya jani, haikufika mitano, akampokonya Yohana tunda kabla hajalilamba. "Mwenzio kakuokoa."

Kuanzia hapo nilitangulia mimi. Yohana alibeba kikapu nyuma yangu, akiuliza kwa kila mti, "Na huu je?"