Bastola ya Filme, Siku ya Barikadi

Jumatatu, katikati ya mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza asubuhi mapema, ikapungua, ikarudi. Mabati yalilia siku nzima.

Wageni wa posa walikuwa wamefika Butembo jana yake kutoka Beni, wakalala kwa ndugu yao upande wa Rughenda, na asubuhi wakaja kwetu kwa miguu. Hata hawajamaliza chai, vijana wakafunga barabara. Ville morte tena, mgomo wa kufunga mji mzima. Mawe na matairi kwenye kona zote mbili za avenue yetu, na huko chini risasi za kutawanya watu. Donc tulibaki ndani: mimi, mke wangu, dada yangu mdogo ambaye ndiye alikuwa anaposwa, na wale wawili, baba na mama wa kijana.

Baba wa kijana ni askari mstaafu. Zamani alitumwa huku kutoka mkoa wa mbali wa Équateur, akaoa mwanamke wa Beni, hakurudi tena. Kwa sababu si wa kwetu, anashika desturi yetu kuliko sisi wenyewe. Mchana mke wangu alileta chakula, mzee akakataa: watu wa posa hawali nyumbani kwa binti mbele ya maneno kukatwa, pande mbili zikubaliane. Na maneno hayangeweza kukatwa, kwa sababu mjomba wetu, mwenye kusema kwa ajili ya ukoo, alikuwa ng'ambo ya barikadi. Sahani zikarudi jikoni. Harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ikabaki na sisi.

Mimi ndiye niliyeleta wazo la filme. Labda nilikosea, sijui mwingine angefanya nini. Ilikuwa filme ya zamani, nyeusi na nyeupe, wanaume wenye kofia wanamwinda mwanamke aliyeona mauaji. Mzee akachangamka. Kila silaha ilipotokea alitaja aina yake na nchi yake: hii ya Wabelgiji, ile ya Waamerika. Mke wake akamcheka kwamba hata mkate anaweza kuutajia kiwanda. Tukaingia wote katika mchezo, tunafumba macho, tunataja kwa mlio tu. Huku kwetu hata batoto ba primaire wanajua milio. Hiyo haimshitaki mtu.

Halafu mwanaume mmoja akamwelekezea yule mwanamke bastola, picha ikaja karibu kabisa na mkono. Dada yangu alikuwa anachagua maharagi. Akasema polepole, kama anayejisemea:

"Hapana kuogopa. Ile haiwezi kulia. Kichuma cha kufunga bado kiko juu."

Bastola ikalia. Mwanamke akaanguka.

Mzee akachukua telekomande, akarudisha nyuma, akasimamisha picha. Kichuma kilikuwa juu. Watu wa sinema hawakuangalia.

Mlio kila mtu anaujua. Kichuma kile anakijua mtu aliyekaa karibu na mkono wenyewe. Na sisi hatukuwa tumewaambia wageni. Tuliogopa wataondoka, kwa sababu mwanamke aliyetoka porini kwa waasi watu wanampa majina, Beni na hapa pia.

Mzee hakumtazama dada. Alinitazama mimi. Niandike haki: hakuuliza kwa ukali, na aliniita mkwe kwa lugha ya kwao.

"Bokilo, dada yako alijifunzia hiyo wapi?"

Nikatafuta uongo. Karibu na nyumba yetu ya zamani kulikuwa na kambi ya askari, ningeweza kusema hiyo. Siku nyingine mtu angetoka kununua sukari, maneno yapoe kidogo. Siku ile hapakuwa na pa kwenda.

Dada akaweka sahani ya maharagi chini.

"Acha, kaka. Papa, walinishika shambani, upande wa Eringeti. Nilikaa kwao mwaka na kitu. Nilikuwa napika, napanguza bastola ya mukubwa wao. Kila asubuhi nilikuwa naangalia kile kichuma mbele ya kuangalia uso wake. Mutoto wenu anajua. Nilimwambia siku ya kwanza."

Hiyo ya mwisho hata mimi sikuijua.

Mzee akaweka telekomande chini. Akatamka kwamba atarudi Beni asikie kinywa cha mtoto wake, leo hakuna kitakachokatwa. Ilikuwa haki yake. Ningekuwa yeye, sijui ningesema nini. Lakini niliona uso wa dada, nikafikiri imekwisha, na bado tutakaa hivi, magoti kwa magoti, mpaka barabara ifunguliwe.

Giza lilipoingia, mama wa kijana akasimama, akamwendea dada yangu, akamuomba maji ya kunawa mikono.

"Mama, maneno bado," mzee akasema.

"Yako bado. Yangu imekatwa. Wewe kaa na njaa, na hiyo desturi yetu."

Akaketi mkekani karibu na dada, wakanawa katika bakuli moja. Mzee aliendelea kutazama ile picha iliyosimama, mkono na bastola, muda mrefu. Kisha akazima televisheni, akanyoosha mikono yake pia juu ya bakuli. Kama ilikuwa kukubali ama njaa tu, siwezi kuandika, sikuona ndani yake.

Tulikula fufu, sombe ya mchana iliyopashwa moto, na yale maharagi. Mzee aliomba aongezewe sombe, na dada ndiye aliyempakulia.