Siku Benchi Lilipokaa Tupu

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu mwenyewe nitaikumbuka. Nilikuwa kijana mwenye misuli, mtu wa kubeba gunia la sukari begani na bado nikapiga soga njiani, na siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao nje ya wodi ya wanawake, katika hospitali moja huku kwetu bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Port Reitz. Nasema nimekaa, lakini huko si kukaa. Nilikuwa nainuka, naenda hadi penye bomba la maji, narudi, nakaa, nainuka tena. Ndege zikishuka kuelekea uwanjani zilipita juu yetu chini chini hata mabati yakatetemeka, na kila moja ilipopita nilishtuka kana kwamba imebeba habari zangu.

Mke wangu, Sidi, alikuwa ndani. Kidole tumbo kilikuwa kimempasukia, akafanyiwa upasuaji, kisha kidonda kikatunga usaha na homa ikakataa kushuka. Daktari alinieleza kwa upole, kama ninavyokueleza wewe sasa: dawa inafanya kazi, kidonda kitafunga, lakini lazima ale, kwa sababu mwili haujijengi kwa hewa. Na Sidi alikuwa hali. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, basi mimi sikumwuliza, nilimsihi. Alilamba ncha ya kijiko, akashukuru kwa adabu, kisha akageuza uso wake dirishani. Kila siku hivyo. Alikuwa anapungua mbele ya macho yangu, na daktari alipokuja kuangalia bakuli lake la uji, alikunja uso.

Sasa nikueleze jambo moja, usije ukaniona mjinga kupita nilivyokuwa. Katika wodi ya wanawake mwanamume haingii apendavyo. Kulikuwa na saa za kutazama wagonjwa, mchana na jioni, na kengele ikilia wanaume wote nje. Mwanamke huruhusiwa kukaa kando ya kitanda cha ndugu yake. Mume ni nje. Kwa hiyo, ukiniuliza kwa haki, sikuwa nikimwuguza mke wangu, nilikuwa nikiuuguza ukuta. Kutwa niliukodolea macho, na madirisha yake ya vioo vya kupangana, ambayo mchana ukiwa nje huoni ndani ila weusi. Na bado niliamini kwamba nikiondoka pale, hata kwenda kunyoa ndevu, pumzi ya Sidi itakatika. Kazini sikwenda. Mtoto wetu nilikuwa nimempeleka kwa nyanya yake Kaloleni. Chumbani kwetu Chaani nilipita tu kujilaza, alfajiri nimerudi benchini.

Katikati ya wiki alikuja Mutua. Huyu alikuwa mwenzangu katika genge letu la makuli wa bandarini, mtu wa Ukambani, mcheshi asiyejua kunong'ona hata hospitalini. Akaniambia Jumapili genge letu litacheza mpira na madereva wa malori kule Miritini, nami niende nikanyooshe viungo.

Nilimkaripia. "Mke wangu yuko kitandani, wewe waniambia mpira?"

"Na wewe je, uko kitandani?" akasema. "Wewe uko kwenye benchi, bana."

Sikucheka. Aliondoka akinipungia mkono, nami nikamwona mtu asiye na moyo. Ndivyo tulivyo tukiwa na shida, mwanangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, twasema, na tunadhani kila anayetuambia tupumzike hajui uzito wa tulichobeba.

Jumapili ikafika, na Mutua akarudi. Safari hii hakuja peke yake. Alikuja na mkewe, Mama Ndanu, ameshika chupa ya uji, na nyuma yao akaja Mzee Kahindi, serangi wetu, yaani mkubwa wa genge, aliyetupanga kazi na kutupigia filimbi. Mzee huyo alikuwa mfupi, mkavu, na hakuwa na desturi ya kutembelea watu. Nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Charo, ni nani aliyekupanga zamu hii?"

"Zamu gani, mzee?"

"Hii ya benchi."

Nikamjibu kwamba hakuna aliyenipanga.

"Ndiyo maana haina mwisho," akasema, akaketi mahali pangu.

Hapa lazima nikueleze kazi yetu ilivyokuwa. Mizigo ya magunia tuliitoa ndani ya tumbo la meli. Nusu ya genge walishuka chini kupanga magunia kwenye wavu, nusu wakabaki juu, na filimbi ikilia tulibadilishana. Hukungoja uchoke. Ukisikia filimbi, unapanda, hata kama unajiona una nguvu za fahali.

Mzee Kahindi akaniuliza, "Unamkumbuka yule aliyekataa kupanda filimbi ilipolia? Tulimsifu?"

"Hatukumsifu, mzee. Ulimfukuza."

"Nilimfukuza kwa nini?"

"Kwa sababu mikono iliyochoka huangusha mzigo."

"Humwangushia nani?"

"Mwenzake aliye chini."

"Na hapa," akasema, akautazama ule ukuta, "aliye chini ni nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba mke si gunia. Lakini Mama Ndanu alikuwa amekwisha kufunga leso yake ya pili kiunoni, akanisogeza kando kama mtu anayesogeza kiti. "Mimi ni mwanamke, mimi wataniacha nikae ndani kutwa. Nenda, shemeji. Na huko uendako, uoge. Unanuka."

Basi nilikwenda. Usidhani nilikwenda kwa hekima. Nilikwenda kwa aibu, na kwa sababu Mutua alikuwa amenishika mkono kama polisi. Tulipanda nyuma ya lori la mmoja wa wapinzani wetu, Mzee Kahindi naye akaliacha benchi akapanda nasi, na njia nzima nilikuwa nimegeuka nyuma, natazama tulikotoka.

Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha ardhi nyekundu karibu na yanapolala malori. Wenzangu walipogawana nafasi, Mutua akapaza sauti: "Huyu wiki nzima amelinda hospitali, haijaibwa hata mlango! Mwekeni golini!" Wakanitia golini. Nami kule golini nilikuwa vile vile kama benchini: naenda mlingoti huu, naenda ule, natazama barabarani kama kuna mtu anakuja mbio kuniita. Goli la kwanza lilipita katikati ya miguu yangu huku nimeinua kichwa nafuata ndege. Dereva mmoja mnene akapiga kelele, "Kipa! Mpira ni huu wa duara, si ule wenye mabawa!"

Uwanja wote ukacheka, na Mutua akacheka hata akachuchumaa.

Sijui ilikuwa baada ya muda gani. Yule dereva mnene alikuja peke yake, anahema, mpira mbele, nami nikajirusha bila kufikiri. Nikaudaka. Nililala kifudifudi kwenye vumbi, mpira kifuani, magoti yamechubuka, na nikasikia sauti ya mtu anacheka. Ilikuwa ni mimi. Kicheko kilinitoka kama chafya, sikukiruhusu. Na kwa kitambo kile kichwani mwangu hapakuwa na wodi, wala bomba, wala benchi.

Kisha hofu ikanirudia kwa nguvu mara mbili. Sidi ana maumivu, nami nacheka? Niliutupa mpira, nikatoka golini, nikashika njia, mchezo unaendelea. Nikasikia nyuma yangu madereva wakishangilia, maana goli lilikuwa wazi, na Mutua akiniita kwa majina ambayo sitayataja hapa. Lakini sauti ya Mzee Kahindi niliisikia pia: "Mwacheni. Ameshapumua."

Nilifika hospitalini saa za jioni za kutazama wagonjwa zikianza, nimejaa vumbi jekundu tangu nyusi hadi vidole, na nilipokuwa naukaribia mlango wa wodi nilikuwa nimekwisha kumzika mke wangu kichwani mwangu na kuwapangia watu chakula cha matanga. Wallahi nakwambia kweli.

Sidi alikuwa ameketi, ameegemea mto. Juu ya mapaja yake palikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli hamkuwa na kitu.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza.

Uongo ulinijia hadi kwenye meno, nikaumeza. "Mpirani. Miritini."

"Nani alishinda?"

"Nadhani madereva."

"Wewe ulicheza wapi?"

"Golini."

Alinitazama magoti, akatazama nyusi, akaanza kucheka, mkono mmoja ameshika tumbo. "Usinichekeshe, Charo, nyuzi zitakatika." Mama Ndanu naye alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Mimi nilisimama pale sielewi.

Alipotulia, akaniuliza kwa sauti ya chini. "Daktari alikwambia nini juu yangu? Sema kweli."

"Kwamba utapona ukila."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, Sidi."

"Basi mbona wiki nzima unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Nikamwuliza ameniona vipi. Akapiga mto wake. "Weka kichwa hapa."

Niliinama, nikaweka kichwa changu kando ya chake, nikatazama anapotazama yeye. Mwanangu, ule weusi wa vioo ni wa upande wa nje tu. Kutoka kwenye mto ule benchi lilionekana lote. Bomba lilionekana. Na kati ya benchi na bomba nikaona kijia kidogo kilichokwanguka majani, ambacho hakikuwapo nilipofika mara ya kwanza. Kilikuwa ni njia yangu.

"Nilikuona ukiinuka, ukishika kichwa, ukirudi," akasema. "Nikajua wamekwambia nakufa, na wewe unanificha. Sikukuuliza, nisikulazimishe kusema uongo. Nikajiambia, mtu wa kufa, uji wa nini? Ule uji atunziwe mtoto. Leo nimetazama, benchi tupu. Kwanza niliogopa. Mama Ndanu akaniambia umekwenda mpirani. Nikafikiri: Charo huyu? Huyu ambaye mimi nikiumwa jino, yeye ndiye asiyekula? Amekwenda mpirani? Basi sifi. Nikaomba uji."

Nilibaki nimeinama pale, kichwa kwenye mto wake, mpaka muuguzi akaniambia vumbi langu linachafua shuka.

Sitakudanganya kwamba mpira ulimponya. Dawa zilimponya, na chakula, na siku nyingi za kuosha kidonda. Lakini tangu jioni ile alikula. Nami nilirudi kazini, nikaja saa za kutazama wagonjwa nimeoga, na habari za kumpa: meli gani imeingia, nani kateleza, Mutua kasema nini. Yale magoli alinisimanga nayo mpaka akatoka hospitalini, na hadi leo akiwa na wageni huyaongeza idadi.

Basi, mwanangu, wewe uliye na mtu kitandani, nisikilize. Siku hizi mna simu, na naona benchi mmelitia mfukoni. Unatoka kidogo, na kila mara unamwandikia mgonjwa: vipi sasa, umelala, mbona hujibu? Yeye naye analala pale anausoma wasiwasi wako kama anavyousoma uso wa daktari. Mgonjwa hana kioo. Wewe ndiye kioo chake. Ukiwa umekunjamana, atajiona amekunjamana.

Kwa hiyo rafiki zako wakija kukuita, nenda. Usiondoke kama mwizi, wala usiache patupu: mwache mtu kwenye nafasi yako, na umwambie mgonjwa wako waziwazi unakokwenda na utakaporudi. Ukifika huko, kula. Moyo utakuvuta urudi, kama ulivyonivuta mimi. Usiugombeze, ndiyo mapenzi hayo, lakini usiupe usukani. Na ukicheka usione haya. Kicheko ni zamu yako ya kupanda juu upumue, si usaliti kwa aliye chini. Nawe uliye rafiki, acha kusema "ukinihitaji niite." Aliyelemewa hajui kuita. Nenda na chupa ya uji na mtu wa kukaa mahali pake, kisha umshike mkono. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki nyingine dawa yake ni kutolewa nje kwa nguvu.

Mwaka jana zamu iligeuka. Nililazwa mimi, mguu huu wa sukari. Siku ya tatu nikamwona Sidi anajitazama kwenye kioo cha simu, anafunga leso mpya, shoga zake wanamngoja mlangoni, wana harusi Kisauni. Nikamwuliza, "Unaniacha, mama?" Akanijibu, "Nakwenda kucheza. Binti yako yuko hapa. Nikirudi nikute umekula." Nilimsikia akicheka kwenye veranda mpaka sauti yake ikapotea. Nikageukia upande wa pili, nikalala usingizi wa mtoto.

Haya, inuka uende, wanakungoja. Mungu aliyetuweka wawili wawili amponye mgonjwa wako na akulindie miguu yako njiani. Akujaalie rafiki wasiokubali jibu lako la kwanza. Na utakaporudi, mwanangu, ukute bakuli tupu.